Koti la Mkuu wa Kituo

3 Juni

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na lile goti limepunguza ukorofi. Mimi ni mzima, ila furaha imeninyima usingizi: nimepewa kesi yangu ya kwanza!

Koti la sherehe la mkuu wetu wa kituo limeibwa. Ndani ya kituo cha polisi, Mama, mchana kweupe, siku ileile uliyonitembelea! Bahati nzuri uliondoka kabla ya vurugu. Jumamosi kuna gwaride, wakubwa wanakuja kulikagua, na mkuu ameapa kwamba nisipolipata koti nitarudi barabarani kuongoza magari, na safari hii bila filimbi.

Usiwe na wasiwasi, nimechapa kazi. Nimepaka mlango mzima poda ya kuchukulia alama za vidole, na alama zote nilizopata ni zangu. Kwenye vumbi la ukumbini nimegundua kwamba mwizi ana nyayo ndogo na anaburuta mguu wa kushoto. Dobi wetu ana miguu midogo, na jana nilimwona akiburuta ndoo. Nimemweka mahabusu. Analalamika sana, lakini wezi wote hulalamika.

Mwanao,
Mpelelezi

3 Juni

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, maana najua hiyo shikamoo iko njiani. Mimi sijambo, ila goti limenikasirikia tangu safari ile na mguu wa kushoto nauburuta tu.

Nilifurahi mno kuiona ofisi yako. Mlango wake, dirisha lake, na kiti cha kuzunguka! Ila hao wakubwa wako hawana huruma. Mtu mwembamba kama wewe wakupe koti la kuenea watu wawili, tena limefumuka kwapani? Ulipokwenda kuniletea chai nililiona limetundikwa nyuma ya mlango, nikalitia kapuni. Askari wa getini, kijana mwenye adabu zake, akanibebea kapu mpaka kwenye basi.

Leo nalikata likukae mwilini. Usinishukuru, ndiyo kazi ya mama fundi cherehani.

Mama yako

4 Juni

Mama,

Shikamoo. Weka mkasi chini.

Ile si ofisi yangu. Ni ya mkuu, alikuwa mkutanoni. Yangu ni meza tu, ipo ukumbini karibu na choo, na kiti chake hakizunguki, kinayumba. Nilitaka ufurahi, Mama. Koti hilo ndilo ninalolitafuta! Barua hii nampa dereva wa basi mkononi. Niambie hujalikata.

Mwanao

5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimelikata.

Nimecheka mpaka nikakaa chini, kisha nikamkumbuka dobi wa watu, kicheko kikanikauka. Mimi nalala kitandani kwangu, yeye analala sakafuni kwa koti nililochukua mimi! Mtoe kabla hujamaliza kusoma barua hii. Halafu nenda kwa mkuu wako ukamtaje mwizi. Tena usiseme "mama mmoja wa makamo," sema mama yangu. Kama ni kurudi barabarani, rudi, lakini urudi ukiwa mtu wa kuaminika.

Vipande sijatupa, fundi gani anatupa kitambaa? Naviunga upya, na kwapani naongeza kidogo. Dereva atakuletea kesho. Mkuu akitaka kunifunga pingu aje nyumbani, mimi goti haliniruhusu.

Mama yako,
Mhalifu

8 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa.

Dobi nilimtoa kama ulivyoagiza. Nilimwomba radhi, akasema amenisamehe, ila nguo zangu atazifua za mwisho mpaka astaafu.

Kisha nikaingia kwa mkuu. Nikasimama wima: "Afande, mwizi nimempata. Ni mama yangu mzazi. Alidhani ofisi hii ni yangu, maana nilimdanganya."

Akauliza, "Na kiti hiki ulikikalia?"

"Nilikizungusha pia, afande."

Mama, mtu yule alicheka mpaka askari wa getini akaja mbio. Alipoambiwa ni kapu gani alilobeba, akakaa chini bila ruhusa.

Jana koti lilivaliwa. Mkuu amenenepa tangu aliposhonewa, basi ule upana uliouongeza umemfaa: amepiga saluti gwaride zima bila uzi kukatika. Baada ya wageni kuondoka akaniita mbele ya wenzangu wote. Nikajua filimbi ndiyo basi tena. Akasema, "Huyu abaki kwenye upelelezi. Mtu aliyemtaja mama yake mzazi, nani kati yenu atapona kwake?"

Nimefurahi, Mama. Nililia kidogo, lakini kwa heshima.

Mwanao

10 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Goti limepoa lenyewe kwa furaha.

Barua yako nimewasomea majirani nyumba kwa nyumba. Sasa mtaa mzima unajua kwamba mwanangu hana ofisi, ana meza karibu na choo, na mwizi wa kwanza aliyemkamata akiwa mpelelezi ni mimi. Sijawahi kuringa hivi tangu nikuzae.

Mama yako