Baba Anataka Kunihamisha kwa Sababu ya Grafu Yangu

Mpendwa mshauri,

Pokea shikamoo yangu, na naomba msaada wako upesi kwa sababu baba ameshanunua kitambaa cha sare mpya. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na baba yangu ni fundi cherehani. Muhula huu mwalimu wa hisabati alitupa kazi ya kulinganisha wastani wa matokeo ya mtihani wa mwisho katika wilaya yetu na wilaya jirani kwa miaka kadhaa, nikachora grafu, mstari mwekundu wetu na wa bluu wao, nikapata alama zote, na baba kwa furaha akaibandika ukutani juu ya cherehani, kila mteja anayekuja kupimwa anaambiwa, "Kazi ya binti yangu hiyo!", mpaka mteja mmoja aliyeleta suruali ya kupunguzwa akauliza, "Fundi, mbona mstari wenu unateremka?" Baba akavua miwani, akaivaa tena, akaupima ule mstari kwa futi yake kama anapima mguu wa suruali, kisha akaniambia, "Mama, wilaya yetu imepwaya. Muhula ujao utakaa kwa shangazi yako wilaya jirani, usome huko kunakopanda."

Shida ni kwamba mstari wetu ulianza kushuka mwaka ule shule zetu zilipokatazwa kuwazuia wanafunzi dhaifu wasifanye mtihani, sasa wanafanya wote, na mwakani atafanya hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, wakati wilaya jirani bado wanachuja, kwa hiyo wastani wetu umeshuka lakini wanaofaulu wameongezeka, mwalimu alinithibitishia, ila nikimwambia baba nitaonekana namkosoa, naye anajinyima mengi kwa ajili yangu, na nikiondoka sijui nani atamtungia uzi kwenye sindano macho yake yakichoka. Nifanye nini?

Binti wa Fundi

*

Marahaba, mwanangu.

Umenifurahisha, sasa ngoja nikugombeze kidogo. Mwalimu umemweleza, mimi umenieleza, mwenye mkasi mkononi hujamweleza! Unangoja nini, akate kitambaa?

Baba yako amesoma ulichomchorea. Grafu yako inasema kweli, ila haijasema yote. Chora nyingine yenye idadi ya waliofanya mtihani na idadi ya waliofaulu, wilaya zote mbili, miaka ileile. Usimwonyeshe mbele ya wateja. Subiri wakishaondoka, kaa karibu naye, umuulize: kuna fundi anayemshonea kila anayebisha hodi, mnene kwa mwembamba, na kuna fundi anayechagua wateja wenye maumbo rahisi tu, nani fundi zaidi? Ataelewa kabla hujamaliza. Kueleza kwa adabu si kukosoa.

Huenda bado akataka uhame. Yeye ndiye mzazi, utatii bila kununa, lakini angalau ataamua akijua.

Tena nikuambie. Barua yako imejaa wastani, halafu ule uzi na sindano ukaupitishia mlango wa nyuma. Mimi nimeuona. Baba anakupeleka mbali kwa kuogopa kukupunja, na wewe unaogopa kumwacha peke yake, na wote wawili mnajadiliana habari za wilaya! Kwa hiyo akikuuliza unataka nini, weka karatasi chini. Mwambie, "Baba, nataka kukaa na wewe." Hilo halihitaji grafu.