Namba 417 Imepita

Mshauri mpendwa, mimi kwa kawaida siombi msaada, mimi ndiye msaada wenyewe, maana mtaa huu mzima ukifungiwa nje unaitwa mimi, hata meneja wa benki alipojifungia chooni na suti yake niliitwa mimi, na hajazaliwa wa kutengeneza kufuli la kunizidi dakika nne. Nina miaka hamsini na mmoja, wananiita Injini, na pamoja na ufundi huo mimi ni mkimbiaji wa mbio ndefu, zile za kilomita arobaini na mbili, na nazikimbia kwa bajeti ambayo wengine haiwatoshi kununua soksi.

Wapwa zangu wanajua siri zangu. Nauli sitoi, nakimbia kwenda kazini na kurudi, spana ziko mgongoni. Vinywaji vya wachezaji sinunui, nakoroga maji, sukari na chumvi kwenye chupa iliyokuwa ya mafuta ya kula. Soli ikitoboka nabandika kipande cha tyubu. Kilichonishinda ni viwili tu, raba zenyewe na kiingilio cha mashindano.

Raba nilizipata kwa muuza mitumba. Nyeusi, kamba moja nyekundu, nyingine nyeupe. Akaniambia, "Hizi zilikuwa za mtu wa mbio kweli kweli." Nikamuuliza, "Kwani mimi ni wa nini?" Akajibu, "Wewe ni wa maneno, mzee, lakini lipa tu." Nikalipa. Kufika nyumbani nainua kitambaa cha ndani cha kiatu cha kushoto, nakuta karatasi ngumu imekunjwa mara nne. Namba ya kifuani, 417, ya msimu mzima, mbio tatu, na nyuma yake kimebandikwa kile kidude cha kuhesabia muda. Kama hujui, njiani wanatandika mazulia kwenye kilomita ya kumi, ya ishirini, ya thelathini na mwisho, ukikanyaga zulia kidude kinalia, na papo hapo ujumbe unakwenda kwenye simu ya mwenye namba. Mwenye haya angeirudisha. Mimi nikasema riziki haibishi hodi mara mbili, nikaibana kifuani na pini nne.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza, na mshauri naomba usinicheke. Mimi tangu utoto viatu vyangu vinalika upande wa ndani, hata marehemu mama alikuwa akinisema. Zile raba zimelika upande wa nje, na kila nikizivaa mguu wangu unakubali kukanyaga kwa nje, kama umefundishwa na mtu mwingine. Mbio za kwanza, kilomita ya kumi na nne, kijana mmoja alikuja kasi nyuma yangu, akanishika bega, akaniangalia usoni, akaachia mkono kama ameshika pasi ya moto. "Samahani mzee," akasema, "kwa nyuma nilidhani ni mtu tuliyemzika mwezi wa tatu." Akapunguza mwendo, na sikumwona tena hadi mwisho.

Nilimaliza, tena vizuri. Mpwa wangu mwenye saluni akafungua matokeo kwenye simu, akasema, "Mjomba, mbona jina lako halipo?" Nikamwambia mabingwa hawaandikwi ovyo. Medali nikaitundika kibandani juu ya mashine ya kuchongea funguo. Mbio za pili nikakimbia tena, nikamaliza tena, kilomita zote bila hata kukaa. Kuanzia ya ishirini na saba sina maelezo mengi, njia nilishaizoea.

Wiki moja baadaye dada mmoja akapiga simu, chumba kimefungwa tangu mwezi wa tatu na ufunguo haujulikani ulipo. Nikakimbia hadi pale, getini nikavua raba nikazitia mkobani, nikavaa ndala, maana mteja hapendi fundi mwenye jasho. Nyumba safi, sakafu inang'aa, na kwenye kiti nje ya kile chumba amekaa mama mtu mzima, simu mapajani, waya wa chaji umeingia ukutani. Yule dada akaninong'oneza, "Fundi, mama akikuambia lolote, itikia tu. Fungua uende."

Nikapiga magoti, nikaanza. Mama akasema taratibu, kama anaongea na mgeni wa kawaida, "Asante kwa kuja, fundi. Mwanangu anarudi, atahitaji pa kulala."

Nikasema, "Ndiyo mama."

"Walisema moyo ulisimama. Mimi niliwaambia moyo wa mtu wa mbio husimama kupumzika tu." Akanigeuzia ile simu, ya mwanawe. "Nisomee, macho yangu hayaoni vizuri."

Nikasoma. Namba 417 imepita kilomita ya kumi. Namba 417 imepita kilomita ya ishirini. Saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi, namba 417 imepita kilomita ya thelathini. Hongera, umemaliza. Mshauri, mikono hii iliyofungua masanduku ya chuma iliangusha bisibisi, na lile kufuli la kitoto likanichukua nusu saa.

Mlango ulipofunguka, ukutani kuna picha ya kijana, amevaa 417 na raba nyeusi, kamba moja nyekundu, nyingine nyeupe. Yule dada akaitazama ile picha akasema kwa sauti ya chini kwamba nguo na viatu aligawa yeye mwenyewe baada ya mazishi, mama hajui, na kwamba mama sasa anapakua sahani ya tatu kila siku. Mimi nakusanya vifaa vyangu niondoke. Mama akavuta hewa kwa pua, akaniita.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Mbona mkoba wako unanuka jasho la mwanangu?"

Niliondoka bila kuchukua hata hela ya kazi, na mimi sijawahi kusahau hela. Kabla sijafika getini nikamsikia anamwambia bintiye kwamba mbio za mwisho za msimu, wiki tatu zijazo, atakaa mstari wa kumalizia tangu alfajiri na taulo. Sasa mshauri, nikikimbia atampokea nani, na nisipokimbia simu haitalia na atajua mwanawe ameanguka mara ya pili, na nikisema ukweli mtaa utaniita mwizi wa marehemu, na raba zenyewe kila asubuhi nazikuta zimeelekea mlangoni wakati mimi huziacha zimeelekea ukutani. Nifanye nini?

Injini


MSHAURI ANAJIBU

Mjomba Injini, pole kwa hofu yako. Nimemaliza kukupa pole, sasa kaa chini.

Umeandika kurasa kuhusu mzimu, na mzimu mwenyewe ni wewe. Kidude ni kitu bubu. Hakimjui marehemu wala hakikujui wewe. Ulikivaa, ukakanyaga zulia, simu ikalia. Miguu iliyopita kumi, ishirini na thelathini ilikuwa yako, na raba zinageuzwa na mtu anayefagia kwako, muulize. Hilo la mguu kukanyaga kwa nje ni kiatu cha mwenzio tu, kila kiatu kina njia yake.

Kinachonitisha mimi ni kingine. Ungeanguka pale kwenye kilomita ya ishirini na tano, kwa umri wako na kwa hayo maji yako ya chumvi, unadhani wangempigia nani? Wangesoma namba kifuani, wangempigia yule mama, wangemwambia mwanao ameanguka njiani, njoo hospitali. Wewe ulikuwa unaokoa kiingilio, na kiingilio angelipa yeye. Hiyo si bajeti, mjomba, hiyo ni kula kwenye sahani ya maiti.

Kuhusu mtaa kukuita mwizi: watakuita, kwa wiki mbili, kisha mtu atapoteza ufunguo. Mama huyu hana wiki mbili za kuchezea. Kila anapopakua ile sahani ya tatu, anaipakua kwa sababu yako.

Mpigie binti kwanza, leo, kabla gazeti hili halijafungiwa maandazi. Usimvamie mama peke yako. Nendeni pamoja mchana, raba uzishike mkononi, usizifiche mkobani, na namba iwe juu yake. Mwambie kwa sentensi fupi: mama, ni mimi niliyekimbia na namba ya mwanao, nilivipata kwenye mitumba, nisamehe. Ishia hapo. Meneja wa benki na choo chake mwache nyumbani. Akilia, usimwambie anyamaze. Akikupiga na hizo raba, simama upigwe. Medali zote mbili mpe.

Kisha nenda kwa waandaaji, ukiri, wafunge ile namba ili simu ile isilie tena. Mbio za mwisho hukimbii. Ukitaka kuwepo, omba kugawa maji. Kazi hiyo haina kiingilio. Barabara ya kwenda kazini kwako ni bure kila siku, na hakuna anayekuhesabia muda. Ukishafanya, niandikie.


INJINI AMEANDIKA TENA

Mshauri, nimefanya kama ulivyosema, na nimefanya vizuri kuliko ambavyo mtu mwingine yeyote angefanya, ingawa sijisifu.

Mama alizipokea raba, akazigeuza, akapitisha kidole kwenye soli upande wa nje. Akaniuliza, "Zote ulipita wewe? Kumi, ishirini, thelathini na mwisho?" Nikamjibu, "Zote, mama. Miguu ilikuwa hii." Akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu. Kisha akachomoa waya wa chaji ukutani, akauzungusha mkononi, akampa bintiye. Siku hiyo walipakua sahani mbili, na ya tatu walinipa mimi, nikala.

Waandaaji wameifunga namba. Mtaa umeniita mwizi, na juzi mwenyekiti kapoteza ufunguo, kama ulivyotabiri. Raba ziko kwa mama, chini ya kitanda cha mwanawe. Binti anasema kila asubuhi wanazikuta zimeelekea mlangoni, na kwao hakuna anayefagia chumba kile.

Lakini jibu nililompa yule mama linanikaba, na kwake siwezi kurudi kulirekebisha, kwa hiyo nakuachia wewe. Mbio za pili, kilomita ya ishirini na saba, misuli ilinibana, nikaparamia pikapu ya maji iliyokuwa inarudi kujaza madumu. Ilipita njia ya nyuma, kwenye mabohari, kusiko na zulia lolote, mimi nimo, raba miguuni, namba kifuani. Ikanishusha karibu na mwisho, nikajimwagia chupa nzima kichwani ionekane ni jasho. Zulia la thelathini sijawahi kuliona kwa macho yangu. Saa tatu na dakika arobaini na moja, mshauri, Injini alikuwa amelala chali chini ya turubai, anakula chungwa.