Mume Wangu wa Filamu ni Kaka Yangu

Shangazi Telesia mpendwa,

Naomba unipokee mzigo huu maana nimeubeba mwenyewe wiki nzima na sasa shingo inauma. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Siale, ndio kwanza anatambaa, baba yake yuko mashambani kule Hastings anachuma matufaha, na mimi nimerudi chuoni hapa Otahuhu kusoma mambo ya filamu kwa sababu shule niliiacha mapema na nataka mwanangu siku moja aseme mama yangu alianza kitu akakimaliza.

Sasa mwalimu alitugawa vikundi tutengeneze mwanzo wa filamu, dakika mbili tu, wa kutisha, akaniweka na Courtney, msichana wa kizungu mwenye maneno mengi, pamoja na Semisi (jina nimembadilishia), ambaye ni mtoto wa mama yangu mdogo. Courtney ndiye aliyeandika hadithi: mke na mume wamehamia nyumba mpya, wamelala, mke anasikia kitu kinakwaruza ukutani. Mke mimi, mume Semisi. Kitanda kimoja, Shangazi! Mimi na kaka yangu, ambaye ikianza tu tamthilia ya mapenzi kwenye televisheni anaondoka sebuleni kwenda kuangalia gari ambalo halijaharibika. Ningemwambia mwalimu, lakini Semisi alikuwa amesimama pale pale, na kueleza kwamba siwezi kulala naye kitandani hata kwa kuigiza ingebidi nitamke kitanda mbele yake, basi nikaacha, naye akawa anakagua kamba za viatu vyake.

Courtney nilimvuta pembeni nikamweleza, akacheka. "Ah, shoga, ni binamu tu! Halafu ni kuigiza!"

"Kwetu visiwani binamu ni kaka," nikamwambia, "na mtu haolewi na kaka yake hata kwa mchezo."

Tulirekodi nyumbani kwetu, na kwa heshima ya kaka na dada hatukukaa chumba kimoja. Nikiingia chumbani mimi, Semisi anaruka nje kupitia dirishani. Akiwa sebuleni yeye, mimi niko jikoni na mtoto. Kwenye chakula tulimpiga picha mgongo, anatafuna huku anatazama ukuta. Maneno yake ya mume aliyasemea barazani, mlango umefungwa. Na kitandani, Shangazi, usicheke, tulilaza gunia la magimbi la mama, tukalifunika blanketi, nami nikaligeukia nikaliuliza, "Mpenzi, umesikia?" Courtney yuko na kamera anapiga kelele, "Semisi, rudi! Nipe mguu! Mguu mmoja tu!" na Semisi kule nje anajibu, "Mguu wenyewe una dada humo ndani!"

Mimi baadaye nilikuwa nakata tu zile picha, Siale yuko mapajani, namweka huyu hapa na yule pale mpaka ukiangalia unaona kweli wanaishi nyumba moja.

Mwalimu alipoitazama alishika kifua. Akasema hajawahi kuona ndoa ya kutisha namna ile, watu wawili hawakutani hata kwenye picha moja, na huyo kitandani, je, ni mume au ni maiti? Akauliza nani alibuni. Courtney hakumeza hata mate: "Nilipanga hivyo tangu mwanzo. Niliona umbali wao ndio hofu yenyewe."

Jumanne filamu zinaonyeshwa mbele ya familia zetu, na kila mmoja atasimama aeleze kikundi kilifanyaje kazi, kilikwama wapi na yeye alifanya nini, na maelezo hayo ndiyo yenye alama za kuniingiza kozi ya kuhariri mwakani. Courtney anataka niseme kama alivyosema yeye. Nikisema ukweli naogopa mwalimu ataona hatukubuni lolote, tulikuwa tunakimbiana. Na mama ameshaalika kwaya nzima ya kanisa, nao watasoma kwenye skrini: Mume, Semisi. Mke, mimi. Semisi hata kuja kula kwetu ameacha. Niseme nini, Shangazi? Hiyo kozi naitaka sana.

Mama Siale, Mangere

*

Mama Siale, mwanangu,

Nimecheka mpaka nikayashika meno yangu ya bandia yasiniache. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mwalimu ana ofisi, ofisi ina mlango, na wewe una miguu. Ungemfuata siku ya pili Semisi akiwa hayupo, ukasema neno moja, ukapangiwa kikundi kingine. Na huyo kaka yako, dirishani kuruka anaweza, kuandika ujumbe kwa mwalimu hawezi? Heshima mnayo ya kutosha. Ongezeni akili.

Courtney usimchukie, mtoto wa watu alikuwa anaomba mguu tu. Lakini kama alipanga umbali tangu mwanzo, yale makelele ya "Semisi, rudi" yalikuwa ya nini?

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta wewe ulifanya kazi gani. Courtney umemweleza, Semisi umemweleza, gunia umelieleza vizuri kuliko baba mtoto. Wewe? "Nilikuwa nakata tu." Hebu! Umechukua mgongo wa mtu, sauti ya barazani na magimbi ya mama yako, ukatoa ndoa iliyomshika mwalimu kifua. Na kozi unayoililia ni ya nini? Si ya kuhariri? Unaomba uruhusiwe kujifunza kazi ambayo umeshaanza kuifanya, bibi wewe.

Kesho nenda kwa mwalimu peke yako. Mwambie kikundi kilikwama kwenye heshima, huyu ni kaka yangu, hatuwezi kuonekana pamoja. Usiiombee msamaha mila yako. Fungua kompyuta, muoneshe ulivyowaunganisha watu wasiokutana.

Kisha majina. Aliyehariri ni wewe, basi futa "Mume". Andika kwamba Semisi ni sauti ya barazani. Kitandani andika gunia, limeigiza kuliko nyote. Kwaya wakihesabu wake na waume, waanzie kwao.

Semisi usimwambie wewe. Mwambie mama yako mdogo, yeye amwambie mwanawe kwamba hakuna atakayeitwa mume na arudi kula. Ukumbini akae mbele na wanaume wenzake, wewe kaa nyuma.

Courtney mwambie usoni kabla ya Jumanne: hadithi yako, kamera yako, kuhariri kwangu. Akinuna, atanuna na atapona.

Ikifika zamu yenu, simama wa kwanza. Siale mwachie mama yako. Taja jina lako lote, na la baba yako, halafu sema, "Filamu hii nimeihariri mimi." Usiongeze kitu hapo. Waache wakutazame kwanza.