Kunde za Kichuguuni

Bibi,

Shikamoo. Najua huko uliko umeshaitikia, "Marahaba, mume wangu mvivu," ukacheka peke yako. Haya, cheka. Leo nina jambo la kukiri.

Unazikumbuka zile kunde pori za kichuguuni, nilizoanza kuzing'oa nikidhani magugu? Ulinikimbiza na mpini wa jembe mpaka kwa jirani! Tangu hapo hukuniruhusu hata kuzisogelea. Kila zikikauka ulizichuma mwenyewe, ukatia mbegu kwenye kibuyu pamoja na majivu, ukakitundika juu ya mafiga. "Hizi haziliwi. Jua likikasirika mtazitafuta."

Basi, kwenye msiba wako watu walijaa hapa Puge, nikatumwa jikoni kutafuta kunde za kupika. Nikashusha kile kibuyu, maneno yako nimeshayasahau, nikapepeta, nikaona vipunje vyeusi tu. Nikasema loo, Bibi alizeeka kweli, anatunza changarawe! Nikamwaga kule nyuma ya jiko. Na zile za kichuguuni zililiwa zote na ng'ombe wa msiba, maana tulimfunga palepale. Kibuyu kilipokutwa kitupu akalaumiwa Shangazi. Mimi nikanyamaza kimya, Bibi. Nilikuwa naona haya.

Msimu huu mvua imekata mapema. Kunde za shambani zimenyauka na maua yake. Akaja dada mmoja, mtaalamu wa mbegu, anapita kijiji kwa kijiji akitafuta kunde pori. Anasema wakizichavusha na kunde zetu, huenda wakapata mbegu itakayovumilia ukame. Akauliza, "Kwenu zipo?" Shangazi akainamisha kichwa. Nikakimbilia nyuma ya jiko nisionekane ninavyolia.

Bibi wee, zipo! Zimeparamia ua wa mabua, mbichi kabisa, maganda tele, kuku wamejilalia chini yake. Kila siku tulipita pale tukidhani magugu. Nilipiga ukelele, watu wakaja na fimbo wakidhani nyoka.

Nimemwambia Shangazi ukweli. Alinitandika kofi la mgongoni, tukacheka mpaka tukatoka machozi, halafu tukashindwa kuyazuia. Nimekukumbuka mno. Hakuna tena wa kuniita mume.

Zilipokauka, yule dada alirudi. Alitaka zote, nikampa nusu. Akauliza ni mbegu za nani, aandike kwenye bahasha. Nikamjibu, "Za mke wangu." Akaomba kukusalimia! Ilibidi Shangazi amweleze utani wetu wa bibi na mjukuu.

Nusu iliyobaki nimeitia majivu, na kibuyu kimerudi juu ya mafiga. Mvua za kwanza zikinyesha nitapanda nyingine kichuguuni, na nakuahidi jembe langu halitafika pale, wala kamba ya ng'ombe.

Pumzika, mke wangu. Jua lilikasirika, tukazitafuta, tukazikuta.

Mumeo mvivu