Mama Mkwe Hataki Tangi Lifunguliwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimebanwa pande zote. Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa, tunaishi na mama mkwe, na maji yetu yote ni ya mvua, yanatoka paani yanaingia kwenye tangi la saruji alilolijenga marehemu baba mkwe kwa mikono yake, na tangu afariki mama hataki mtu aliguse, anasema, "Maji ya mzee wangu hayajawahi kumdhuru mtu," na majirani wanakuja kuchota bure naye anafurahi, ndiyo heshima yake mtaani. Sasa juzijuzi binti yetu aliharisha mpaka akalazwa, nikaingiwa na wasiwasi, mama alipokwenda msibani nikapanda ngazi nikafunua mfuniko, mshauri, umepasuka pembeni, na ndani panya amevimba anaelea katikati ya majani yaliyooza, harufu ikanirudisha chini mbio. Nikamwambia mume wangu, akanijibu, "Mtoe huyo panya, unyamaze. Ukimwambia mama kwamba maji ya baba yana mzoga, utamuua." Nikamtoa, nikamfukia, na tangu hapo maji ya binti yangu nayachemsha kwa siri nikijifanya napika chai, lakini jirani yetu amejifungua, na kila asubuhi mama anampelekea ndoo kwa mkono wake mwenyewe, nami namwangalia akitoka getini huku roho inaniuma. Nikisema, nimemvua nguo mama mkwe. Nikinyamaza je?

Mama Cherehani

Mama Cherehani,

Mtoto mchanga hangoji gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu mara tu niliposoma barua yako. Nakujibu na hapa kwa sababu najua si nyumba yako tu yenye tangi la namna hiyo.

Pole kwa kuuguza. Lakini nilikugombeza kwenye simu na nakugombeza tena: wako unamchemshia, wa mwenzio unamwangalia tu akipelekewa ndoo? Huo ni woga, usiupe jina la heshima. Na mumeo anayedhani mama yake ni yai, mwambie nimemsikia.

Nilikuambia umkalishe mama chumbani kwake, nyinyi wawili tu, umweleze bila kupamba. Jioni ukanipigia unalia. Hakukufokea. Hata mzee wake hakumtaja. Aliuliza tu, "Na yule mzazi, ameshayanywa ya leo?" Kisha akavaa ndala zake, akaenda mwenyewe kwa jirani kuimwaga ile ndoo, akasema mbele ya wageni waliokuja kumwona mtoto, "Tangi langu limechafuka, mwanangu. Mpeleke mtoto akaangaliwe." Mtoto hana neno, nashukuru. Ila mlikuwa mnamficha ukweli mtu mwenye moyo mpana kuliko nyinyi nyote wawili.

Sasa kazi. Maji yote yamwagwe, msiyaoshee hata vyombo. Tangi likae wazi kwanza hewa ipite, na mtu asiingie peke yake. Mwingine asimame juu anamwona na anaongea naye. Wa kuingia ni mumeo, aliyesema unyamaze. Asugue kuta na sakafu mpaka utelezi uishe, tope lote litolewe, msuuze tena na tena. Tafuteni mfuniko mpya unaobana, na bomba linaloleta maji kutoka paani liwekewe wavu mdomoni. Fagieni mifereji ya paa, mkate matawi yanayoinamia bati. Mvua ya kwanza iacheni iende zake, hiyo inaosha paa. Tangi likijaa, tieni dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, msikisie. Na ya kunywa mchemshe, hata yakionekana maangavu kiasi gani. Chemsha hadharani, sufuria kubwa, ya nyumba nzima.

Majirani wakija na ndoo zao wakauliza kwa nini tangi limefungwa, usimsemee mama mkwe wako. Mwache awajibu mwenyewe. Ameshakuonyesha kwamba anaweza.