Majani Mkononi mwa Lembris

Jumatatu, 3 Aprili 1911
Ng'ombe tumewapeleka ng'ambo ya mto Themi. Mvua imeleta nyasi, wanashiba wenyewe, sina kazi. Nimetupa rungu likapiga kichuguu cha mbali. Hakuna mchungaji wa kunifikia, na zaidi ya hayo kusoma najua. Shule ya misheni nilikaa misimu miwili tu, mwalimu akachoka kabla yangu. Nyumbani hakuna mwingine asomaye, kwa hiyo hapa nasema nitakavyo.

Lembris, mdogo wangu, alilala mchana. Nikamtia mdudu wa mavi shingoni. Akaruka kama mbuzi.
"Kaka, nitakuua!"
"Kua kwanza!"
Tulicheka mpaka ndama wakatushangaa.

Jioni Baba akarudi na kiboko chake. Tangu Wadachi wamfanye mnyapara wa barabara, hacheki.

Jumatano, 5 Aprili
Mgongo umevimba. Naandika hivyo hivyo.

Baba alirudi mapema, akasimama uani. Hakukaa. Nami na mdomo wangu: "Karibu kigoda, Baba. Au leo kina miiba?" Haki ya Mungu sikujua. Daraja la mtoni lilikuwa limechukuliwa na maji, na yule Mdachi wa barabara akaamuru Baba alazwe kifudifudi, mbele ya vibarua wake mwenyewe. Hamsa ishirini yao, viboko ishirini na vitano. Hayo nimeyasikia baadaye, kwa majirani.

Akanivamia na kile kiboko. Nikaanguka. Nikang'oa majani, nikayainua juu. Kwetu mtoto anayechapwa akishika majani, basi, yamekwisha. Mkono unashuka. Hata adui huacha. Hata mlevi!

Mama alikuwa anapiga kelele: "Ana majani! Mtoto ana majani, huoni?"

Aliona. Alinitazama mkononi kabisa. Akaendelea.

Alhamisi, 6 Aprili
Nalala kifudifudi. Baba sijamwamkia. Siamini bado.

Jumamosi, 8 Aprili
Jana nilimpiga mbwa teke, hana kosa. Asubuhi nilivunja kibuyu cha maziwa nikamsingizia ndama. Nilikuwa nawaka tu, sijui nini.

Malishoni Lembris akaniuliza taratibu, "Kaka, Baba hatupendi tena?" Hakunicheka. Hakunitania. Basi hilo tu.

Nikamchapa. Kwa fimbo ya ng'ombe. Akaanguka, akang'oa majani mikono miwili, akayainua. Niliyaona. Mabichi, yana udongo kwenye mizizi. Nikaendelea.

Aliponyamaza ndipo nikaacha. Mimi! Mkono wangu huu huu. Lembris akafumbua viganja, majani yakaanguka, akaondoka kuelekea msituni, juu kwenye mlima Meru. Nikamwita. Hakugeuka. Ningekimbia nimshike. Nikarudi kwa ng'ombe.

Jua limezama. Hajarudi.

Jumapili, 9 Aprili
Mvua usiku kucha. Msituni kuna chui, kuna tembo. Mama hakulala. Nilimwambia Lembris amepotelea ukunguni. Uongo mtupu.

Alfajiri Baba akaniambia, "Twende." Kiboko alikiacha. Tukapanda, yeye mbele, anachechemea. Penye mashamba ya mwisho nikashindwa kuficha.

"Baba. Nilimpiga. Alishika majani. Sikuacha."

Nilingoja kofi. Akakaa chini, kwenye matope, na vidonda vyake vile. Kisha akasema, hanitazami, "Ya kwako pia niliyaona."

Basi. Akanyanyuka, tukaendelea.

Tukamkuta kwenye kibanda cha watu wa mizinga ya nyuki, amejikunyata, midomo imepauka. Yu hai! Nilitaka kuruka. Lakini alipotuona, mimi na Baba, kabla hatujasema kitu, akainama upesi akang'oa majani. Akayainua. Sisi mikono mitupu, na yeye ameyainua vile.

Baba akageuza uso. Sijawahi kumwona akilia. Sikujua hata kama anaweza.

Jumatano, 12 Aprili
Kiboko hakiingii tena nyumbani. Baba anakificha mtini, karibu na barabara. Kazini anakibeba, atafanyaje. Leo alikaa kigodani, akaomba maji. Nilimpelekea. "Shikamoo, Baba." Akaitikia.

Maji yamepungua, ng'ombe tulivuka nao mto kwa miguu. Mimi bila fimbo, napiga mluzi tu. Lembris nyuma, mbali, majani kiganjani toka asubuhi. Nikimwita anaitika, "Naam." Kwangu hakuwahi kusema naam.

Mchana akasinzia. Mdudu wa mavi akapita karibu yangu. Nikamwacha apite. Kiganja cha Lembris kikalegea, ndama akaja akayala yale majani polepole. Nikakaa mbali kidogo, mahali ambapo akiamka atauona uso wangu kwanza.

Akaamka. Akatazama kiganja. Akanitazama mimi.

Akang'oa mengine.