Nilimkana Mama Mkwe Mbele ya Bosi

Mpendwa Mama Wilhelmina,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na kama ni kunigombeza nigombeze hapa hapa gazetini, ila majina nimeyabadilisha kwa sababu mke wangu naye anausoma ukurasa wako kila Jumamosi.

Mimi ni Msukuma wa Magu, tunaishi Kirumba na mke wangu Kija kwenye chumba kimoja cha kupanga, na kazi yangu ni kutunza boti ya tanga ya mfanyabiashara mmoja Mhindi, mzee Hiren, ambaye tangu biashara huria iruhusiwe amefanikiwa sana na minofu ya sangara, lakini boti yenyewe haipandi, imefungwa gatini mwaka mzima, mimi naifuta, natoa maji yanayoingia chini na kuanika matanga yasiote ukungu.

Sasa Mama, tangu nioe, mama mkwe wangu hajawahi kulala kwetu, na sababu unaijua, kwetu mkwe wa kiume halali paa moja na mama wa mke wake, hawali pamoja, hata njiani wakikutana mmoja anapisha, na chumba changu kina pazia tu katikati, ningemweka wapi? Kija ana mimba ya kwanza na mama yake alitaka kuja kumwona na kupanga lini atarudi kumsaidia uzazi, ndipo likanijia wazo la boti, maana ndani mna vitanda, jiko la mafuta ya taa na choo kidogo, nikasema wanawake walale humo kuanzia Ijumaa hadi Jumapili na mimi nibaki Kirumba, heshima ya ukwe itakuwa imetunzwa na wageni watakuwa wamelala pazuri. Mzee Hiren alikuwa amesafiri kwenda Nairobi. Kija aliniuliza kama nimeomba ruhusa, nikamwambia bosi amesema karibuni sana. Sikuwa nimemwomba.

Mama mkwe alikuja na shangazi yake Kija, Bernadeta, wakiwa na kuku na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na Mama nakwambia walifurahi, shangazi alikuwa anafungua kila kikabati, na mama mkwe ingawa boti imefungwa alikuwa anashika ukuta kila ikicheza, nikamsikia anamwambia Kija, "Nyumba gani hii inapumua?" wakacheka mpaka watu wa boti ya pili wakageuka. Mimi nilikuwa nakuja mchana tu, nasimama gatini nimewapa mgongo, namwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, naweka ndoo ya maji na mkaa wa kuchomea samaki, na yeye anajibu kupitia kwa mwanawe, "Mwambie mume wako ahsante." Nilijiona mtu, Mama.

Jumapili asubuhi Kija na shangazi walikwenda kusali Mirongo, mama mkwe akabaki kwa sababu kizunguzungu cha boti kilikuwa kimemshika, amekaa nyuma ya boti apate upepo, kanga zake zimeanikwa kwenye kamba za tanga. Mimi nipo gatini na ndoo yangu, mara naona mzee Hiren anashuka kwenye gari na mke wake Saroj, wamerudi mapema. Akatazama zile kanga, akamtazama mama, akaniuliza kwa upole kabisa, tena anatabasamu, "Huyu mgeni wako?"

Mama Wilhelmina, sijui niliingiwa na nini. Nikasema, "Hapana mzee, huyu kibarua tu, nimemleta kuosha boti."

Mke wa bosi akasema vizuri, basi aanze na huku nyuma, ndege wamechafua sana, akamnyooshea kitambaa. Mama mkwe akaniangalia, yeye ambaye hajaniangalia usoni tangu nimuoe binti yake, kisha akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akapiga magoti, akaanza kusugua kinyesi cha ndege, na mimi nimesimama pale pale. Alisugua muda wote waliokuwa wanazunguka kukagua boti yao, na wakati wa kuondoka Saroj akamwachia kipande cha sabuni kama ahsante. Alijua angesema neno moja tu ningefukuzwa kazi. Hakulisema.

Kija aliporudi alikuta mama yake amefunga mizigo, anasema amepona, atafutiwe basi leo leo. Sabuni aliiacha kitandani. Tangu siku hiyo hajamwambia mtu, ila ametuma ujumbe kwamba siku za kujifungua zikifika tutafute nesi hapa mjini, yeye hataweza. Kija analia kila siku akidhani ni yeye aliyemkosea mama yake, na mimi nambembeleza huku najua. Kwenda kumwomba msamaha ana kwa ana mila hainiruhusu, na mwezi ujao Kija anajifungua. Nifanye nini?

Mkwe mwenye aibu, Kirumba

Mama Wilhelmina anajibu:

Marahaba, mkwe wa Kirumba.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi kuisoma tena nikidhani labda nimeruka mstari unaosema, "Samahani mzee, nimekosea, huyu ni mama mkwe wangu." Sikuuona huo mstari.

Nikupe haki yako kwanza. Wazo la boti lilikuwa la mtu anayejali, na ningependa wakwe wengi wa mjini wangejisumbua hivyo. Na hofu ya kupoteza kazi naielewa, siku hizi viwanda vya Nyakato vinapunguza watu na kibarua kikiota nyasi hupati kingine kesho. Lakini bwana mkubwa, Hiren alikuuliza kama ni mgeni wako huku anatabasamu! Alikufungulia mlango kabisa. Na hata baada ya kuropoka, ulikuwa na muda wote ule mwanamke mzima yuko magotini. Ulishindwa hata kumpokonya kile kitambaa ukasugua wewe? Hiyo ndiyo kazi unayolipwa.

Halafu unajificha nyuma ya mila. Mila inakukataza kumtazama usoni kwa sababu ni mtu mzito kwako. Ulipomfanya kibarua hukuikumbuka, leo ndiyo inakuzuia kuomba radhi? Acha hizo. Mila hiyo hiyo ilikupa mshenga. Yule aliyekwenda kukuposea bado yupo hai, ama na yeye umemkana?

Sasa sikiliza. Anza na Kija, leo. Umebadilisha majina, lakini boti za tanga hapa Mwanza zilizolaza mama mkwe mwenye kizunguzungu si nyingi, na akilifungua gazeti kabla yako umekwisha. Kaa naye, mwambie yote, na la ruhusa pia. Atakasirika, na ana haki. Usimkatize, wala usianze kumweleza ubaya wa matajiri. Binti wa watu amejilaumu vya kutosha kwa kosa lako.

Kisha nenda kwa mzee Hiren, mwambie yule alikuwa nani. Inawezekana akakufukuza, siwezi kukudanganya. Inawezekana pia mkewe akaona aibu kuliko wewe. Vyovyote vile, nenda.

Baada ya hapo mtafute mshenga wako, nunua mbuzi, mwende nyumbani kwa mama mkwe wako. Wewe kaa nje ya ua, yeye aingie. Na asiende kusema "kulitokea kutoelewana kidogo". Aseme mbele ya ndugu wote, na wewe ukiwa unasikia, kwamba kijana wetu aliulizwa huyu ni nani, akasema kibarua, na leo amekuja kusema ni mama yake. Mama huyo alikulinda mbele ya watu wawili tu. Wewe mrudishie heshima yake mbele ya ukoo mzima.

Siwezi kukuahidi kwamba atakuja kwenye uzazi. Akija, mpishe na ukae mbali mpaka atakapotaka yeye. Asipokuja, usimtume Kija amlilie. Utachemsha maji mwenyewe, utapika uji mwenyewe, na nepi utafua wewe. Lakini usingoje mwezi uishe. Ukinyamaza, huyo mtoto atakua, siku moja atakuuliza kwa nini bibi yake hakanyagi kwenu, na itabidi umdanganye na yeye.